Bomba Tupu, Mshale Umesimama

Nimekosa. Naanza hapo hapo, kwa sababu watu wa mji huu wamekataa kunisikiliza nikilisema neno hilo. Nikisema nimekosa wananipiga begani, wananiambia fundi una moyo mzuri. Moyo mzuri! Kama na wewe unayesoma umejiandaa kuniambia hivyo, ishia hapa, nenda kasome habari za mpira.

Nina hasira. Nina hasira na mwenye jengo, nina hasira na injinia, nina hasira hata na kile kigeji cha kupimia presha chenye kioo. Lakini wote hao nawasingizia tu. Aliyefunga koki ni mimi, kwa vidole vyangu hivi, ambavyo mpaka leo vinakunja na kukunjua vizuri kabisa.

Mimi ni fundi bomba na viyoyozi hapa Kigoma. Sisemi zile AC za kutundika ukutani, zile siku hizi kila kijana mwenye drili anafunga. Nasema mitambo ya majengo makubwa, kumbi na hoteli, ambapo mashine inakaa nyuma ya jengo inapoza maji, pampu inayasukuma kwenye mabomba ndani ya dari, na maji hayo ya baridi ndiyo yanayoupoza ukumbi. Mafundi wa kazi hiyo hapa mjini tunahesabika, na mimi nilijiona wa kwanza katika hao wanaohesabika. Kiburi hicho ukiweke akilini, tutakutana nacho mbele.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa maboti ya mbao pale Ujiji. Nimekua nikimshikia pamba. Alikuwa anailoweka kwenye mawese, anaishindilia katikati ya mbao kwa patasi na nyundo, kisha boti inateremshwa ziwani. Boti mpya ikiingia majini lazima ivuje. Mwenye boti akipiga kelele baba anacheka tu, anamwambia iache ilale majini, mbao zitakunywa, zitavimba, pamba itakaza, itajifunga yenyewe. Kesho yake unakuta ndani pakavu.

Itajifunga yenyewe. Hayo ndiyo maneno niliyorithi. Wenzangu wamerithi mashamba.

Sasa, sisi mafundi bomba tunapounga bomba la chuma lenye meno tunazungusha katani kwenye yale meno, tunapaka rangi, ndipo tunakaza. Katani nayo ni nyuzi, ikilowa inavimba. Kwa hiyo mara nyingi jointi ikitoa kijasho, ukiiacha inanyamaza. Nimeona hivyo kwenye mabomba ya mashamba, kwenye matangi ya nyumba za watu, nimeona mara nyingi mno. Na kila nilipoona, nilimkumbuka baba nikatabasamu. Mjinga mimi.

Nilikuwa nafanya kazi na shemeji yangu, mume wa dada. Jina lake silitaji, nimeshamharibia la kutosha. Ni Muha wa Kidahwe, mtu mrefu, mpole, mikono kama makoleo. Yeye ndiye aliyekuwa akifunga jointi zangu zote za maana, kwa sababu mkono wake ulikuwa haukosei. Ila alikuwa polepole! Jointi moja anaisafisha meno kwa brashi, anaipuliza, anaiangalia kwenye mwanga, anazungusha katani kama mama anayemsuka mwanaye. Mimi nimesimama pembeni namtania, shem, bibi harusi huyo anaolewa lini? Anacheka, anaendelea.

Na akiona jointi inatoa jasho, haachi. Nitasema itajifunga, yeye ataifungua yote, atatoa katani, ataanza upya. Siku moja nilimkasirikia kwa sababu hiyo, mbele ya watu. Akanijibu kwa sauti ile yake ya chini, akiniita mulamu, neno ambalo kwa Kiha maana yake ni shemeji.

"Mulamu, bomba si boti."

Nilicheka sana siku ile. Niliwasimulia watu kijiweni wakacheka pia.

Dada yangu ndiye aliyenilea. Mama alituacha nikiwa bado nashika ukuta kutembea, na dada mwenyewe alikuwa msichana tu. Ameuza dagaa, ameuza maandazi, amenifulia kaptura za shule. Alipoolewa na huyu Muha wa watu, alimwambia kabisa, ukinichukua mimi unamchukua na huyu mdogo wangu. Jamaa akakubali. Nimekula kwenye sahani ya shemeji yangu kabla sijajua hata kushika spana. Hebu fikiria huyo ndiye mtu niliyemfanyia haya.

Basi, ikatokea kazi ya ukumbi. Mama mmoja mwenye uwezo alikuwa amejenga ukumbi mkubwa kule upande wa ziwani, wa harusi na mikutano. Akaniita mimi nifunge mfumo wote wa mabomba ya maji baridi. Hakumwamini mtu moja kwa moja, kwa hiyo akamweka injinia wa kukagua, kijana anayekuja kwa ndege kutoka Mwanza, anaangalia, anarudi. Kazi ilikwenda vizuri. Shemeji alifunga karibu jointi zote, kwa mwendo wake wa konokono, na mimi nilishughulika na mashine na pampu.

Ikabaki kona moja, pale bomba linapopinda. Moja tu! Ile iliyo juu ya mlango wa kutokea jikoni.

Hapo ndipo Kidahwe kukapatikana msiba. Mama mdogo wa shemeji alifariki, na yeye ndiye aliyekuwa kama mama yake. Akafunga vyombo vyake, wakaondoka na dada. Akaniomba jambo moja tu, kwamba ile kona nimwachie mpaka atakaporudi. Nikamwambia usijali, nenda kamzike mama.

Lakini mwenye jengo alikuwa ananipigia simu asubuhi, mchana na jioni. Watu wa dari walikuwa wamekaa na mbao zao za jipsamu wanangoja nimalize. Injinia alikuwa ameshakata tiketi. Nami nikajiuliza, kwani mimi si fundi? Mimi niliyemfundisha huyu Muha kazi nishindwe na kona moja?

Nikapanda ngazi nikaifunga mwenyewe. Mashine ya kukatia meno ilikuwa imeshakuwa butu, niliisikia kabisa ikikwaruza chuma badala ya kukikata. Meno yakatoka yamemeguka meguka. Shemeji angelikata lile bomba akaanza lingine. Mimi nikaongeza katani. Nikapaka rangi nyingi, nikakaza mpaka mishipa ikanisimama shingoni, nikashuka najipangusa mikono.

Na hapa sikiliza vizuri. Nilipiga simu Kidahwe. Nilitaka shemeji asikae msibani na mawazo ya kazi. Simu akapokea dada, akasema mwenzake yuko makaburini. Nikamwambia mwambie ile kona ya jikoni nimeshaifunga mwenyewe, azike kwa amani. Dada akanishukuru, akaniombea kwa Mungu. Nilikata simu najiona mtu mwema sana.

Nikajaza maji, nikatoa hewa yote, nikapampu presha mpaka mshale wa geji ukafika pale panapotakiwa. Utaratibu ni kwamba unaliacha bomba usiku kucha na presha yake, na mshale usishuke hata kidogo. Ukishuka, kuna mahali panavuja. Hakuna ubishi hapo, wala hakuna elimu kubwa. Mshale ukishuka, panavuja.

Asubuhi nikawahi kabla ya wote. Mshale umeshuka.

Sikuhitaji kutafuta. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kona yangu, nikapapasa chini yake, mkono ukarudi umelowa. Si maji ya kuchuruzika. Ni kijasho, tone linajikusanya, linaning'inia, linafikiria, kisha linadondoka. Nikasimama pale juu ya ngazi nikamsikia baba. Iache ilale majini. Itajifunga yenyewe.

Kuifungua ile kona maana yake ni kumwaga maji yote, kukata, kuunga, kujaza upya, na kulala tena usiku mwingine. Injinia angeondoka na ndege yake. Mwenye jengo angeuliza kwa nini, na jibu lingekuwa kwamba fundi mkuu, bingwa wa Kigoma nzima, jointi pekee aliyoifunga kwa mkono wake ndiyo inayovuja. Za msaidizi wake zote kavu. Hilo, ndugu yangu, ndilo lililoniuma. Si muda. Si mteja. Ilikuwa aibu ya kushindwa na mtu niliyekuwa namcheka.

Chini ya geji huwa kuna kikoki kidogo, kinachoitenganisha geji na bomba. Nilipampu presha ikarudi pale pale panapotakiwa. Kisha nikakifunga kile kikoki, robo mzunguko, kwa vidole viwili. Kuanzia hapo geji ilikuwa imeshika presha yake yenyewe ndani ya tumbo lake, haijui tena habari za bomba. Bomba hata lipasuke katikati, mshale utasimama.

Injinia akaja na kofia yake nyeupe. Akaangalia geji, akasema vizuri. Mwenye jengo akatuletea chai na chapati, tukakaa pale pale tukanywa, tukazungumza habari za umeme na bei ya samaki. Injinia akarudi kuangalia, mshale umesimama kama askari. Akanipa mkono, akasema fundi, kazi nzuri, funikeni. Hakukigusa kile kikoki. Hakupanda ngazi. Na mimi nilimwona ni kijana mwenye heshima sana.

Niliapa moyoni kwamba nitarudi kesho yake nikifungue kikoki. Kesho yake nikasema kesho. Nikayavisha mabomba sponji nyeusi ya kuzuia jasho, nikapiga gundi, watu wa dari wakafunika, wakapaka rangi nyeupe. Ukumbi ukapendeza! Shemeji aliporudi kutoka msibani akakuta kila kitu kimeshafungwa. Aliniuliza kama nililaza presha usiku kucha. Nikamtania, nikamwambia wewe umetoka kuzika jana leo unataka kufukua bomba. Akacheka kidogo, akaacha.

Harusi zikaanza. Watu walicheza wakavaa majaketi kwa baridi, Kigoma hii! Kila nilipopita pale mjini naitwa injinia, na mimi naitika.

Nilikuwa Kasulu kwenye kazi nyingine mwenye jengo aliponipigia. Alisema kuna doa kwenye dari, juu ya mlango wa jikoni, linakua. Doa lina rangi ya chai.

Nilijua. Usinidanganye kwamba pengine sikujua, nilijua kabla hajamaliza kusema neno jikoni. Na bado nikafungua mdomo nikamwambia mama usiwe na wasiwasi, hilo ni jasho la bomba, maji baridi huwa yanatoa jasho kama chupa ya soda, namtuma shemeji yangu akaangalie. Kisha nikampigia shemeji. Ningeweza kumwambia ukweli hata kwa nusu. Ningeweza kusema shem, ile kona ina mashaka, usisimame chini yake. Maneno machache tu! Nikamwambia ni jasho, sponji imeachia, kapandishe mkono uipapase.

Alikwenda. Kwa kuwa ni yeye, hakupanda hivi hivi. Alizima pampu kwanza, akaenda chumba cha mashine, akayamwaga maji yote ya mfumo mpaka bomba likawa tupu. Mtu mwangalifu namna hiyo. Ila maji yaliyokwisha kuvuja kwa wiki zote zile yalikuwa yamekaa juu ya dari, yamefyonzwa na sponji na jipsamu, uzito wa kutisha, yananing'inia juu ya kichwa chake. Akaweka ngazi, akapanda, akagusa.

Dari ilishuka yote upande ule. Ilimtupa chini pamoja na ngazi, na vile vyuma vyembamba vya kushikilia jipsamu, makali kama bati, vikapita kwenye kiganja na kifundo cha mkono wake wa kulia.

Wa kulia! Ule wa katani.

Hospitali walimshona, wakafanya walichoweza. Daktari alieleza kwamba mfupa utaunga lakini nyuzi za ndani zinazovuta vidole zimekatika vibaya. Nilisimama kando ya kitanda nikitikisa kichwa kama mtu mwenye huruma. Shemeji aliniangalia sana siku ile. Nilidhani ni maumivu.

Halafu kikaja kikao. Injinia alirudi, mwenye jengo akatuita sote pale ukumbini, chini ya lile tundu. Shemeji alikuja mkono ukiwa umening'inizwa kwenye khanga ya dada. Injinia alikuwa ameshakata ile kona, ameishika mkononi, anatuonyesha meno yalivyomeguka. Akasema mtu aliyefunga hii hapaswi kugusa bomba maisha yake yote. Akauliza ni nani.

Na mimi, Mungu wangu, sikungoja hata swali lipoe.

"Mabomba ya ndani alifunga shemeji," nilisema. "Mimi nilikuwa upande wa mashine."

Unaona ujanja wake? Si uongo mtupu. Alifunga kweli, yote, isipokuwa hilo moja. Niliuchonga ule uongo vizuri kuliko nilivyochonga meno ya bomba.

Mwenye jengo akamgeukia, akamwuliza kama ni kweli. Shemeji akaniangalia. Kisha akatazama chini kwenye vipande vya jipsamu.

"Fundi mkuu ameshasema, mama. Mimi niongeze nini?"

Basi. Ndivyo alivyozikwa. Mwenye jengo akamwambia asikanyage tena pale. Habari ikashuka Kibirizi, ikapanda Mwanga, ikafika Ujiji: yule Muha mrefu ndiye aliyeangusha dari. Mafundi wenzetu waliokuwa wakimwita kwa kazi wakanyamaza. Hata wale aliowafungia matangi miaka mingi bila tone moja kudondoka wakaanza kuyachungulia matangi yao. Na mimi? Mimi nilipewa kazi ya kurekebisha ile kona. Nikaifunga vizuri safari hii, nikailaza usiku kucha, haikushuka. Kumbe naweza. Kumbe siku zote nilikuwa naweza.

Nilikwenda kwao Katubuka na kilo ya sukari mkononi, kama mtu anayekwenda kumpa pole mgonjwa. Nilimkuta dada uani anachambua maharage. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Nikakaa kwenye kigoda. Nikaanza kusema maneno yale ya bahati mbaya, kazi ya Mungu, ajali haina kinga. Akaniacha nikaongea weee mpaka yakaniishia.

Kisha akaweka ungo chini.

"Ile simu ya msibani niliipokea mimi," alisema.

Akaendelea kwa sauti ya kawaida tu, kama anavyonieleza habari za jirani. Alisema mume wake alipotoka hospitali, alimwambia jambo moja ambalo yeye hakulielewa. Alimwambia kwamba siku ile, kabla ya kupanda ngazi, alimwaga maji yote, bomba likawa tupu kabisa, halafu akaangalia geji. Bomba tupu, mshale umesimama. Na umesimama juu, pale pale pa siku ya majaribio. Dada akamwuliza maana yake ni nini. Akamjibu muulize mdogo wako.

"Sasa nakuuliza," dada akasema. "Maana yake ni nini?"

Nikamweleza. Kila kitu, koki, tone, injinia, chai na chapati. Nilikuwa nalia lakini machozi yale usiyahesabu, yalikuwa ya kukamatwa. Nikamwuliza kama shemeji alijua kabla hata ya kile kikao, kwa nini alinyamaza. Mtu ana mkono umekatika, anasingiziwa mbele ya watu, ananyamaza!

Dada akasema naye alimwuliza hivyo hivyo. Akamjibu kwamba akinivua nguo mimi mbele ya watu, atakuwa amemvua yeye, mkewe, kwa sababu mimi ni mtoto wake wa kwanza.

"Mimi nilimwambia amekosea," dada akasema. "Ningekuwa pale ningekuvua."

Akachukua ungo wake akaendelea na maharage. Hakunifukuza. Jua lilipoanza kushuka akanipakulia ugali na samaki wa mgebuka, akaniwekea maji ya kunawa. Nimewahi kutukanwa sana maishani, lakini sahani ile ndiyo tusi kubwa nililowahi kupewa, na nilikula yote kwa kuwa sikujua kufanya kingine.

Kesho yake nilikwenda kwa mwenye jengo. Najua unangoja hapa mambo yaanze kunyooka. Nami nilidhani hivyo.

Nilimwambia mama, ile kona niliifunga mimi. Nilifunga koki ya geji. Shemeji alikuwa msibani Kidahwe, hakuigusa. Nilisema kwa Kiswahili cha kueleweka, nimesimama, kofia mkononi. Uso wa yule mama ukalainika. Akatabasamu! Akasema fundi, nimekuelewa, damu nzito kuliko maji. Unamfichia shemeji yako kwa sababu ya dada yako. Mungu akubariki, watu kama wewe wamebaki wachache.

Nikamwambia hapana mama, nasema kweli. Akasema anajua, anajua, nisijitese. Akaagiza niletewe soda.

Nikampigia injinia. Huyo alikuwa mbaya zaidi. Nilipomtajia kikoki akakohoa, nikajua ameelewa palepale. Akasema yeye alisimama mbele ya ile geji kwa macho yake, akakagua kwa utaratibu, na majaribio yalipita, kwa hiyo kasoro ilitokea baadaye kwa uzembe wa aliyefunga, na angeshauri tusilifukue jambo lililokwisha. Unaona? Akikubali koki ilifungwa, itabidi akubali hakuigusa. Kwa hiyo naye amefunga ya kwake.

Nimesema kijiweni, wamenicheka kwa upole. Nimesema kwa mafundi, wananiambia tunakujua wewe, huwezi kufunga jointi ya vile. Nimesema msikitini baada ya swala, mzee mmoja akanishika mkono akaniombea dua kwa jinsi ninavyostiri ndugu. Kila ninapojivua wananivika! Uongo niliusema mara moja wakaushika mji mzima. Ukweli nimeusema mpaka sauti imekauka, hakuna anayeutaka. Na kazi zinaongezeka, eti kwa sababu fundi yule ana utu.

Ndiyo maana naandika huku gazetini. Na ndiyo, sijaweka jina. Nimeliandika mara mbili nikalifuta, maana najua wakilisoma watasema tumeona, sasa anamwokoa shemeji yake hadi magazetini.

Shemeji na dada wamehamia Kidahwe. Ana kishamba cha muhogo na michikichi, ila mchikichi unapandwa kwa mikono miwili, kwa hiyo anakodi watu wa kumkatia mikungu, na yeye anamsimamia dada anapokamua mawese. Mtu aliyekuwa anaweza kusikia kwa vidole kama katani imekaa sawa, sasa anasimama kando ya sufuria anafukuza kuku.

Wewe fundi unayesoma, wa bomba, wa gesi, wa umeme, wa chochote kile chenye kupimwa: ukiona mshale umeshuka, mshukuru. Huo ndio rafiki yako wa mwisho asiyejua kukuonea haya. Usiufunge mdomo. Teremka, mwaga maji, kata, anza upya, ndege iondoke, mwenye jengo atukane, watu wakucheke kwamba umeshindwa na msaidizi wako. Kuchekwa kunaisha. Na wewe unayekagua, usiangalie kioo ukaridhika. Weka mkono kwenye koki uizungushe, kisha panda ngazi ukapapase. Na wewe uliyezoea kusema itajifunga yenyewe, bomba si boti. Aliyeniambia hivyo alinipa bure, nikamfanya kichekesho.

Kidahwe huwa nakwenda. Sijamwuliza kama amenisamehe, naogopa atasema ndiyo. Nikifika ananiamkia kwa Kiha, mwakeye mulamu, na ananyoosha mkono. Nilidhani angenipa wa kushoto, au angenipa kifundo tu kama wanavyofanya watu wenye mikono michafu. Hapana. Kila mara ananipa ule ule wa kulia. Vidole vyake havifungi, vinalala tu kwenye kiganja changu, na mimi ndiye ninayelazimika kuushika.